Valvu Juu ya Kitanda

Sheria ni hiyo moja: anayetengeneza valvu ya mvuke na anayeichagua, wote wataishi chini ya valvu ya aina hiyo pamoja na familia zao. Mimi ndiye mnunuzi wa kiwanda cha sukari, kwa hiyo bomba linapita juu ya kitanda changu, na valvu ya sasa inavuja mpaka chandarua kinalowa.

"Si uchague mtengenezaji wa maana, Mama Nasra!" mume wangu alifoka asubuhi, akikamua shuka.

Utadhani valvu ni nyanya, unaminya tu unajua! Kila mtengenezaji anakuja na vyeti, kofia na kalenda, na kila mmoja anaapa kwamba yake haipasuki. Nimechoka kuapiwa.

Huyu wa mwisho, Bwana Shekiondo, nikamkatiza: "Vyeti ninavyo vya kufungia maandazi. Niletee mkeo, nimuulize yeye."

Akamleta kweli. Mama mcheshi, hana makuu. "Yetu haijawahi kuvuja hata tone, dada," akaniambia, akinitazama usoni. Roho yangu ikatulia. Nikasaini palepale, na mafundi wakaingia chumbani kuifunga.

Mchana joto likazidi, nikamtandikia mgeni mkeka sebuleni ajinyooshe kidogo. Akajilaza na viatu vyake, kamba zimekazwa kama za mtu anayengoja kukimbia.

"Vua viatu, dada, hapa ni kwako."

"Usijali," akasema, macho ameshayafumba. "Kwetu wote tunalala navyo."