Kisu cha Akika ya Rukia

Siku hizi kila kisu, cha kiwandani au cha jikoni, huutambua mkono unaokishika. Mkono ukitetemeka, makali hujifunika yenyewe. Visu vya zamani vilikusanywa vyote. Barua ya kwanza ya kuomba visu hivi vipya niliiandika mimi, mwenyekiti wa kamati ya usalama katika kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, kwa Kiswahili safi nilichojifunza madarasa ya jioni. Tangu vije, hakuna mwenzetu aliyepoteza kidole.

Jumamosi ilikuwa akika ya mjukuu wangu Rukia. Watoto wangu wote watano niliwachinjia mwenyewe. Nilimlaza mbuzi, nikamwelekeza kibla, nikasema bismillahi. Makali yakajifunika.

“Pumua kwanza, baba,” alisema mkwe wangu Shamte.

Nilipumua, nikajaribu tena. Yakajifunika tena. Mbuzi alikuwa ananitazama.

“Baba Zamda, unamtesa mnyama,” mke wangu alininong’oneza. “Mwachie Shamte.”

“Miaka thelathini nimeshika kisu, sijawahi kujikata hata ukucha!”

“Najua. Na hicho ndicho kisu ulichokiomba.”

Nikampa Shamte. Mkononi mwake makali yalichomoza mara moja, yakameta juani. Akachinja yeye. Mimi nilishika miguu ya mbuzi kwa vidole vyangu kumi, vizima vyote, mpaka mbuzi akatulia.

Vidole vyangu havikutulia.