Shimo Lililozibwa

Tarehe kumi na tisa Aprili. Asubuhi ya ukungu na manyunyu, mbingu imeinama kama mtu aliyekosa usingizi.

Mlango wa chumba cha mumewe ulikuwa umefungwa tena.

Mtega fuko, mwanamke aliyeishi kwa kunasa wanyama wachimbao bustani za watu, aliusukuma kidogo, upana wa kiganja tu, akaingiza mkono gizani na kuweka sahani ya viazi na nyama juu ya kigoda. Hakuchungulia. Akauacha mlango wazi vile vile. Jioni angeukuta umefungwa.

Mumewe alijifungia humo baada ya kuachishwa kazi kiwandani, hataki jua wala salamu.

"Ameamkaje?" alimwuliza mama mkwe wake aliyekaa mezani.

"Salama," mama mkwe akajibu haraka, akichovya mkate kwenye chai mpaka ukawa kama uji. "Mwache apumzike, mwanangu."

"Na wewe, mama, nikupakulie?"

"Mimi chai yanitosha. Mwenye kuumwa ndiye ale."

Alikaa kwenye benchi akavaa mabuti yake. Chini ya benchi palikuwa na nafasi tupu ya jozi nyingine, ya mumewe. Siku hizi hakuitazama. Kisha akapiga magoti juu ya sakafu ya baridi, mgongo ukilalamika, akaomba kama alivyoomba kila asubuhi:

"Mungu wangu, uulinde ulimi wangu na leo pia."

Bustanini, mwenye karoti alimpokea kwa kelele. "Bibi Fuko! Mbona umechoka kuliko jembe langu?"

"Jembe lako likichoka hulazwa, kaka. Mimi hutiwa mpini mpya."

Jana yake alikuwa ametoboa njia ya fuko ya chini ya ardhi kwa jembe na kuiacha wazi. Leo tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo mbichi.

"Basi yumo," mwenye bustani akasema. "Si ulinifundisha mwenyewe? Fuko aliye hai ukimtobolea njia, huiziba. Ikibaki wazi, kafa au kahama."

Mtega fuko alichutama, akaokota karoti iliyogugunwa na kuigeuza polepole. "Imezibwa, ndiyo. Lakini tazama meno haya. Fuko angeacha mifereji mipana. Huyu ni panya buku, naye huziba shimo akiwa ndani. Fuko mwenyewe alishahama."

"Loo! Udongo umenidanganya mchana kweupe."

"Hudanganya wengi. Mimi huanza na mabaki ya chakula."

Alitega mitego yake, akafunga virago. Njia ya kurudi ilikuwa matope matupu, na kila hatua ilimdai nguvu ambayo hakuwa nayo.

Nyumbani alisikia sauti za watu. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa amesimama sebuleni na majirani wawili, nyundo mkononi. Mama mkwe alikuwa ameuegemea mlango wa chumba kwa mgongo, mikono ameitandaza.

"Amelala! Msimsumbue mwanangu!"

"Mama, miezi inapita hakuna aliyemwona," shemeji alisema. "Leo atatoka, tumpeleke hospitali. Na kama ametoroka, tujue. Mke hukaa kwa ajili ya mume. Kama mume hayupo, mkewe arudi kwao, nyumba ifungwe. Nawe tutakutafutia pa kukaa."

"Mimi ni kabati, mnitafutie pa kuniweka?" Mama mkwe aliukaza mgongo mlangoni. "Yumo humu! Kila siku anakula, muulizeni mkewe!"

Wote wakamgeukia.

"Shemeji, sema wewe. Yumo au hayumo?"

Mtega fuko alimtazama mama mkwe. Yule mzee alikuwa amekauka kimya, kama mnyama aliyesikia jembe juu ya shimo lake.

Mtega fuko alitua virago sakafuni. Alivua mabuti, akamshika mama mkwe mabega, akamsogeza taratibu kama mtu anayehamisha mtungi uliojaa. Kisha akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limejaa vumbi. Juu ya kigoda kulikuwa na ile sahani. Viazi vilikuwa vimekwisha. Vipande vya nyama vilikuwa vimefyonzwa na kupangwa ukingoni, hata kimoja hakikutafunwa.

Shemeji alishusha nyundo. Mama mkwe akaufunika mdomo kwa mtandio.

Mtega fuko aliichukua sahani kwa mikono miwili.

"Shemeji, nanyi majirani, mniwie mashahidi. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: hapa siondoki." Akamgeukia mama mkwe. "Siku zote hizi nimeona nyama inakushinda, mama. Kuanzia kesho nitaichemsha mpaka ilainike."