Mwito wa Tatu

Watu walikuwa wakianua matanga ya Shekue, aliyefukiwa na kisima alichokuwa akichimba, mkewe Mize aliposikia akiitwa kwa jina kutoka shimoni. Akaitwa tena.

"Usiitike!" Jirani yake, Bi Nunu, alimshika mkono. "Binadamu huita mara tatu. Jini huishia mbili."

Wakangoja. Mwito wa tatu haukuja.

"Na mtu aliyeishiwa pumzi, bibi, huita mara ngapi?" Mize akamuuliza.

Akapiga bismillahi, akateremsha kamba, akainamia giza. "Abee, mume wangu!"

Kisha kamba ikavutwa mara moja. Ikavutwa mara ya pili. Bi Nunu akarudi nyuma.

Mize hakungoja ya tatu. Alikita miguu, akavuta, na kitu kizito kikaanza kupanda.