Kindi na Kokwa za Mkoche

Palikuwa na Kindi mwenye wasiwasi, aliyeokota kokwa za mkoche, mti usioota bondeni kwao. Jirani yake Pimbi akamwomba moja. Kindi akampa ile ndogo kuliko zote, nyingine akazifukia. Lakini hakutulia. Kila asubuhi alizifukua aone kama zimeota, na akisikia hatua za mgeni alizihamisha. Mwishowe zikaoza zote.

Mvua zilipokwisha, mche ukachomoza kwa Pimbi. Kindi akaja mbio.

"Ile kokwa umeifanyia nini?"

"Niliifukia nikaiacha, jirani."

"Basi nipe huo mche!"

"Ukiung'oa utakufa. Lakini ni wetu sote, njoo uutazame upendapo."

Kindi akaketi kando ya mche, mikono ameibana kwapani, akitetemeka kwa hamu ya kufukua.