Hodi ya Tatu

Bi Tausi alipita mtaani kati ya majivu ya matairi na vioo vilivyosagika, bakuli la Mama Shadya mkononi. Lilikuja na mbaazi siku moja kabla ya vurugu, na chombo cha jirani kukirudisha kitupu ni aibu, kwa hiyo alilijaza vitumbua.

Nyumba ilibaki kuta nyeusi, haina mlango wala paa.

“Hodi!”

“Bi Tausi, humo hamna mtu,” kinyozi wa jirani alimwambia taratibu. “Tumewazika juzi. Sanda ulizikata wewe mwenyewe.”

“Hodi!”

Asiyesikia “karibu” baada ya hodi tatu hugeuka akaenda zake. Vitumbua vilipoa bakulini, naye kasimama palepale, mdomo wazi, hodi ya tatu kaishikilia kooni.