Ufa wa Kioo

Kidole gumba cha mzee kilitambaa juu ya kioo cha simu, kikarudi, kikatambaa tena. Yunisi alimtazama baba yake akipapasa, roho ikimuuma.

Asubuhi ya siku hiyo, yeye na wenzake wanaotengeneza kwa kujitolea programu ya kuwasomea vipofu walikubaliana kuacha kuhudumia simu kongwe. Aliyekuwa akizihangaikia ni yeye peke yake, na nguvu zilikuwa zimemwishia. Alibonyeza "nakubali" kwa mkono wake.

Jioni alipofika kijijini Simbo kwa bodaboda, alimkuta baba kibarazani na simu yake kongwe, bubu.

"Imenyamaza katikati ya Zaburi, mwanangu."

Ndipo alipomwekea kiganjani simu yake mwenyewe, mpya, yenye programu ileile. Lakini kioo cha simu ya mzee kilikuwa na ufa, ulioanzia pembeni ukaishia palepale pa kubonyeza ili isome. Miaka yote mzee aliufuata kwa kidole kama njia ya kisimani.

"Hii laini kama ziwa limelala," mzee alisema. "Nishike wapi?"

"Nitakufundisha, baba."

"Na ukisharudi kwako Gungu?"

Simu ile mpya ndiyo aliyofanyia kazi Yunisi, na hakuwa na nyingine. Akaichukua taratibu mkononi mwa mzee, akainama, akaokota jiwe.

"Baba," alisema, "ule ufa ulianzia pembe ipi?"