Chini ya Meza

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwambia Bwana Kheri, mwenye karakana ya samani, kwamba biashara ikiwa mbaya ni heri apunguze mishahara kidogo kuliko kumfukuza fundi. Nilijiona nina huruma.

Fundi wake wa siku nyingi, Mzee Shaibu, alikuwa akipiga msasa hata chini ya meza, mahali ambapo hafiki mtu ila paka. Tukimcheka, anatujibu, "Na paka naye mteja."

Mshahara ulipopunguzwa hakulalamika. Alikuja saa ile ile, akafanya kazi yake, akaondoka saa ile ile.

Miezi miwili baadaye biashara ilichangamka, Kheri akamrudishia mshahara wote. Siku hiyo akapitisha mkono chini ya meza mpya. Akautoa ukiwa na kibanzi kidoleni.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "mshahara si nimeurudisha?"

"Umerudi, bosi. Ahsante."

"Basi nipigie na huku chini, kama zamani."

Mzee Shaibu akakunja msasa wake, akaendelea kusugua juu, palipokuwa tayari panang'aa.